Mtawa Aliyeuacha Ulimwengu Akaurudia: Maisha ya Swami Vivekananda

Wahenga wetu walinena kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Aghalabu methali hii hutumiwa kumhimiza mtu asiye na kazi atoke nyumbani akatafute. Hata hivyo, wamekuwepo watu katika historia ambao kwao kutembea kwenyewe ndiko kulikokuwa kazi. Nchini India, tangu enzi za kale, wapo watawa wa dini ya Kihindu waitwao sanyasi. Hawa huacha nyumba, jamaa, mali na hata majina yao, wakaishi kwa kuhamahama na kuomba chakula milangoni mwa watu. Kwa kawaida, lengo la sanyasi ni kuikomboa nafsi yake kutokana na minyororo ya ulimwengu.

Makala haya yanasimulia maisha ya mmoja wao, Swami Vivekananda (1863-1902). Yeye aliuacha ulimwengu kama walivyofanya watawa waliomtangulia, lakini njia aliyoitembea ikamrudisha palepale alipotoka, yaani kwa watu na njaa yao. Swali linaloyaongoza makala haya ni hili: ni nini alichokutana nacho njiani kikambadilisha? Aidha, makala yanadokeza jinsi badiliko hilo lilivyoigusa lugha aliyoiandikia, jambo ambalo kwetu sisi tunaosoma lugha na fasihi lina uzito wake.

Malezi na Elimu

Vivekananda alizaliwa tarehe 12 Januari 1863 mjini Kolkata, mji ambao wakati huo ukiitwa Calcutta na ulikuwa makao makuu ya utawala wa Waingereza nchini India. Jina alilopewa na wazazi wake ni Narendranath Datta, na jamaa zake walimwita Naren. Baba yake, Vishwanath Datta, alikuwa wakili katika Mahakama Kuu ya mji huo, mtu mkarimu aliyependa vitabu na muziki na ambaye mkono wake haukujua kufumba. Mama yake, Bhubaneswari Devi, alikuwa mcha Mungu aliyemsimulia mwanawe visa vya Ramayana na Mahabharata hata vikamkaa moyoni. Kuna jambo jingine katika ukoo huo linalofaa kutajwa mapema. Babu yake Naren, mzaa baba, aliiacha familia yake angali kijana akaenda kuwa sanyasi. Maji hufuata mkondo.

Naren alisoma katika shule ya Ishwar Chandra Vidyasagar, mwanachuoni ambaye mchango wake katika kuijenga nathari ya Kibengali haupingiki. Baadaye aliingia katika chuo cha wamishenari wa Kiskoti mjini humo, akahitimu shahada yake mwaka 1884. Alikuwa mwanafunzi wa vipawa vingi. Aliimba vizuri, alicheza mieleka, na alisoma falsafa ya Ulaya kwa pupa, hususan kazi za Hume, Mill na Spencer. Falsafa hiyo ilimfundisha kutokubali jambo lolote kwa sababu tu limesemwa na wakubwa. Kwa muda alijiunga na Brahmo Samaj, harakati ya Wahindu wasomi waliotaka kuirekebisha dini yao kwa kukataa ibada ya sanamu na ubaguzi wa matabaka. Hata humo kiu yake haikukatika. Inasimuliwa kwamba alimwendea Debendranath Tagore, kiongozi mkongwe wa harakati hiyo na baba wa mshairi Rabindranath Tagore, akamwuliza iwapo amewahi kumwona Mungu. Mzee huyo hakumpa jibu la moja kwa moja. Alimwambia tu kwamba ana macho ya mtawa. Kijana aliondoka na swali lake.

Kukutana na Ramakrishna

Swali hilo lilipata jibu mahali ambapo msomi wa Kolkata hangelitarajia kulipata. Kandokando ya mto Hooghly, ambao ni mkono mmoja wa Ganges, kaskazini mwa Kolkata, lipo hekalu la Dakshineswar, makao ya mungu wa kike Kali. Kuhani wake alikuwa Ramakrishna, mtu wa kijijini mwenye elimu ndogo sana ya darasani. Alizungumza Kibengali cha shambani, na mafunzo yake aliyatoa kwa mifano ya ng'ombe, wavuvi, wauza samaki na mwanasesere wa chumvi aliyekwenda kupima kina cha bahari akayeyukia humo. Naren alikutana naye kwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba mwaka 1881, akiwa na umri wa miaka kumi na minane. Alipomwuliza swali lilelile, Ramakrishna alimjibu bila kusita kwamba amemwona Mungu, tena kwa uwazi zaidi kuliko alivyomwona kijana aliyekuwa mbele yake.

Lingekuwa kosa kudhani kwamba Naren alisalimu amri siku hiyo. Alimwona mzee yule kuwa mtu wa ajabu, huenda hata mwenye kasoro ya akili. Kwa miaka kadhaa alimzuru, akambishia, akamjaribu, akacheka sanamu za hekaluni. Ramakrishna naye hakumkataza kuhoji. Alimtaka ampime kama mbadilishaji fedha anavyoipima sarafu, asiikubali hadi aridhike kuwa si bandia.

Mwaka 1884 baba yake Naren alifariki ghafla. Kumbe nyuma ya ukarimu ule kulikuwa na madeni. Jamaa wakafungua kesi kuidai nyumba, na Naren, kifungua mimba wa kiume, akabaki na mzigo wa kumlisha mama na ndugu zake wadogo. Kijana mwenye shahada alizunguka ofisi za Kolkata pekupeku chini ya jua kali akitafuta kazi asipate. Siku ambazo chakula kilikuwa haba nyumbani, alimwambia mama yake kwamba amealikwa kula kwa rafiki, akatoka na kushinda na njaa ili wadogo wake wapate shibe. Marafiki wa wakati wa neema walipukutika. Ama kweli, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Katika dhiki hiyo, alimwendea Ramakrishna akamsihi amwombee kwa Kali familia yake ipate riziki. Ramakrishna akamtaka aende akaombe mwenyewe. Wanafunzi wa Ramakrishna husimulia kwamba Naren aliingia hekaluni mara tatu usiku ule. Mara zote tatu alijikuta akiomba hekima na uchaji badala ya fedha; kila alipotoka alikumbushwa haja yake, akarudi, akashindwa tena kuitaja. Mwishowe Ramakrishna alimwahidi kwamba jamaa zake hawatakosa chakula na mavazi ya kawaida. Msomaji anaweza kukipokea kisa hiki kwa imani au kwa shaka. La muhimu kwetu ni kwamba Naren aliijua njaa tumboni mwake kabla ya kuiona machoni mwa wengine.

Mwaka 1885 Ramakrishna aliugua saratani ya koo. Wanafunzi wake vijana wakamhamishia katika nyumba yenye bustani huko Cossipore wakawa wakimwuguza kwa zamu. Katika siku hizo Naren alimweleza tamanio lake kuu: kuzama katika taamuli kwa siku nyingi mfululizo, akirudi tu kula kidogo ili mwili usife. Badala ya kumsifu, Ramakrishna alimkemea. Alimwambia kwamba alitarajia awe kama mti mkubwa ambao wasafiri waliochoka hujikinga jua chini ya kivuli chake, kumbe anautafuta wokovu wake peke yake. Maneno hayo yalimchoma Naren, ingawa ilimchukua miaka kadhaa kuyaelewa. Ramakrishna aliaga dunia tarehe 16 Agosti 1886.

Miaka ya Kutembea

Baada ya msiba huo, Naren na wenzake wachache walihamia katika nyumba kuukuu iliyokuwa ikibomoka huko Baranagar, ambayo watu waliiogopa wakidai ina mapepo. Mapema mwaka 1887 walikula viapo vya utawa. Maisha yao yalikuwa ya ufukara wa kupindukia. Zipo siku walizokula wali na chumvi pekee, na vazi moja la heshima lilitundikwa ukutani ili avae yeyote aliyekuwa na haja ya kutoka. Juu ya yote hayo, walisoma, waliimba na kubishana kuhusu falsafa hadi usiku wa manane.

Kuanzia mwaka 1888 Naren alianza kutoka kwa safari fupifupi za kuzuru miji mitakatifu kama Varanasi, Ayodhya na Vrindavan. Mwezi wa Julai mwaka 1890 aliondoka kwa safari ndefu, na mapema mwaka 1891 aliagana na wenzake akawataka wasimfuate. Tangu hapo alitembea peke yake. Alichukua fimbo, chombo cha maji na vitabu viwili: Bhagavad Gita, na kitabu cha Kikristo cha kumwiga Yesu kilichoandikwa na Thomas à Kempis. Alikuwa akibadilisha majina ili asitambulikane. Alikwenda kwa miguu, au kwa garimoshi pale msamaria mwema alipomkatia tikiti. Leo alilala katika ikulu ya raja, kesho katika kibanda cha mtu asiye na kitu.

Visa viwili vya safari hizo vinafaa kusimuliwa, kwani ndivyo vinavyoonyesha jinsi mtawa huyu alivyofundishwa na njia. Cha kwanza kilitokea katika safari zake za mwanzo, karibu na Vrindavan. Alimkuta mtu kando ya njia akivuta kiko, akamwomba avute kidogo. Yule mtu akasita, akamweleza kwamba yeye ni mfagiaji, mtu wa tabaka lililohesabiwa kuwa najisi, ambaye kikombe chake hakiguswi na wala kivuli chake hakitakiwi. Kwa mazoea ya malezi, Naren akashika njia akaenda zake. Alipokuwa amepiga hatua chache, dhamiri ikamsuta. Je, hakuapa kuyaacha matabaka yote? Ilikuwaje basi amkimbie binadamu mwenziwe? Akageuka, akarudi, akamlazimisha yule mfagiaji ampe kiko, wakavuta pamoja.

Cha pili kilitokea Khetri, eneo la Rajputana, alikokuwa mgeni wa Raja Ajit Singh. Jioni moja mwimbaji wa kike aliitwa kumtumbuiza raja. Wanawake wa kazi hiyo walidharauliwa na watu wa dini, na mtawa alipoalikwa aliteta kwamba si mahali pake. Mwimbaji aliposikia amekataliwa, akaimba utungo wa Surdas, malenga wa kale aliyekuwa kipofu, ambao maudhui yake ni kwamba Mungu hatofautishi mwema na mwovu, kama vile chuma cha hekaluni na chuma cha kisu cha mchinjaji hugeuka dhahabu sawia vikiguswa na jiwe la kimuujiza. Sauti hiyo ikamfikia mtawa chumbani mwake. Alitoka, akaingia ukumbini, akasikiliza. Baadaye alikiri kwamba mwanamke yule alimfunza somo ambalo utawa wake ulikuwa haujamfunza.

Pamoja na hayo, Naren hakuacha kusoma. Akiwa Rajputana alijifunza sarufi ya Kisanskriti ya Panini kwa wanachuoni wa huko. Kutoka hapo aliteremka kusini kupitia Gujarat, Bombay, Poona, Mysore na Travancore. Kote alikopita aliona mambo mawili yakikaa bega kwa bega: turathi kubwa ya fikra, na umaskini wa wakulima waliowalisha wote wakabaki bila chakula. Mwishoni mwa mwaka 1892 alifika Kanyakumari, ncha ya kusini kabisa ya India. Inasimuliwa kwamba aliogelea hadi kwenye mwamba ulio baharini karibu na pwani, akakaa huko siku tatu akitafakari. Wakati huu hakuutafakari wokovu wake. Aliitafakari nchi yake. Katika barua aliyoiandika baadaye alieleza wazo lililomjia: kwamba ni wazimu kwa maelfu ya watawa kuzunguka wakiwahubiria falsafa watu wenye njaa, na kwamba ingefaa watawa haohao waende vijiji kwa vijiji wakiwafundisha watu kwa ramani, tufe la dunia na mazungumzo ya mdomo. Mti wa kivuli alioutaja Ramakrishna ulikuwa umeanza kuota.

Chicago

Wanafunzi wake wa Madras, wakiongozwa na Alasinga Perumal, walichanga fedha, nyingi zikiwa za watu wa kipato cha chini, ili aende Marekani katika Bunge la Dini za Ulimwengu. Nia yake ilikuwa pia kuwatafutia maskini wa India msaada. Raja wa Khetri naye alimsaidia, na ndiye aliyemhimiza alishike jina la Vivekananda, lenye maana ya furaha itokanayo na upambanuzi. Alisafiri kutoka Bombay tarehe 31 Mei 1893, akapitia Colombo, Singapore, Hong Kong na Japani, akafika Chicago mwishoni mwa Julai.

Huko alipata habari kwamba bunge lingeanza Septemba na kwamba hakuna aliyekubaliwa bila barua ya utambulisho. Fedha zilikuwa zikimwishia, na baridi ilikaribia. Akaenda Boston, ambako maisha yalikuwa nafuu, na huko akafahamiana na John Henry Wright, profesa wa Harvard, ambaye alimwandikia barua iliyomfungulia mlango. Aliporudi Chicago aligundua kwamba ameipoteza anwani ya kamati. Alilala ndani ya behewa tupu la mizigo katika stesheni ya garimoshi. Asubuhi alianza kubisha hodi milangoni kwa watu akiomba msaada, kama sanyasi afanyavyo India, akafukuzwa. Alipokaa kando ya barabara akiwa hoi, mwanamke mmoja aliyeitwa Bi. Hale alimwona kutoka nyumba ya upande wa pili, akamkaribisha, akamlisha na kumpeleka kwa waandalizi wa bunge.

Tarehe 11 Septemba 1893 Vivekananda alisimama mbele ya maelfu ya watu. Aliwasalimu wasikilizaji wake kwa kuwaita dada na kaka, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Hotuba yake ilikuwa fupi, na ujumbe wake ulikuwa kwamba dini zote ni mito inayoingia bahari moja na kwamba ushupavu wa kidini umeijaza dunia damu. Kuna hotuba nyingine, ya tarehe 20 mwezi huohuo, isiyotajwa sana. Humo aliwaambia Wakristo waliokuwa wakijenga makanisa India kwamba walioko huko hawakuwa na uhaba wa dini, bali wa chakula, na kwamba kumhubiria mwenye njaa ni kumtukana.

Umaarufu ulimjia kwa usiku mmoja. Alibaki Marekani na Uingereza kwa zaidi ya miaka mitatu akifundisha falsafa ya Vedanta. Mwaka 1894 alianzisha Jumuiya ya Vedanta mjini New York, na mwaka 1896 kitabu chake kuhusu Raja Yoga kilichapishwa. Lakini yapo mambo ambayo sifa hizo haziyafichi. Mjini Baltimore, mwaka 1894, alinyimwa vyumba hotelini kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Mara kadhaa alidhaniwa kuwa Mmarekani mweusi, na wanafunzi wake wasimulia kwamba hakusahihisha dhana hiyo. Alipoulizwa kwa nini hakujitambulisha kuwa Mhindi ili aheshimiwe, alishangaa kwamba mtu angetaka apande kwa kumkanyaga mwingine. Kwetu sisi Waafrika, jibu hilo halihitaji ufafanuzi. Aliyeyanena hayo ndiye yule aliyegeuka njiani kwenda kuvuta kiko na mfagiaji.

Kurudi Nyumbani

Vivekananda alitua Colombo tarehe 15 Januari 1897. Kutoka hapo hadi Madras na Kolkata alipokewa kwa maandamano kama shujaa aliyerudi vitani. Angeweza kuridhika na shangwe hizo. Badala yake, tarehe 1 Mei 1897, aliwakusanya wafuasi wa Ramakrishna mjini Kolkata akaanzisha Ramakrishna Mission, chama cha watawa na watu wa kawaida ambacho kazi yake ingekuwa elimu, tiba na misaada wakati wa maafa.

Hapo ndipo palipozuka mgogoro ambao, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ndio kiini cha maisha yake. Baadhi ya watawa wenzake hawakumwelewa. Walimwuliza ni wapi Ramakrishna alipofundisha vyama, hesabu za fedha na hospitali. Je, kazi ya mtawa si kumtafuta Mungu? Je, mawazo haya si ya Kizungu, aliyoyabeba kutoka ng'ambo? Swali lao lilikuwa la haki, kwani mapokeo ya karne nyingi yalikuwa upande wao. Vivekananda aliwajibu kwa ukali, kisha akalia mbele yao. Hoja yake ilikuwa kwamba Ramakrishna mwenyewe alifundisha kwamba binadamu asihurumiwe kama kiumbe duni, bali atumikiwe kama Mungu aliye hai. Kwa hiyo, kumlisha mwenye njaa hakukuwa kumwacha Mungu, kulikuwa ibada. Polepole wenzake walimwelewa, na mwaka huohuo wa 1897 mmoja wao, Akhandananda, alikuwa tayari akiwagawia chakula wahanga wa njaa wilayani Murshidabad.

Mtihani mwingine ulikuja mwaka 1898 tauni ilipoingia Kolkata. Watawa walikuwa wamenunua kiwanja huko Belur, kando ya mto, ili wajenge makao yao ya kudumu. Fedha za kuwahudumia wagonjwa zilipoonekana hazitoshi, Vivekananda alisema kiwanja kiuzwe. Wao ni watawa, wanaweza kurudi kulala chini ya miti. Haikulazimu kukiuza, lakini kila mtu alimjua kuwa hakuwa akitania. Mwaka uliofuata, mwanafunzi wake wa Kiayalandi, Margaret Noble, aliyepewa jina la Nivedita, aliongoza kazi ya kusafisha vichochoro vya mji huo dhidi ya tauni. Kabla ya hapo, mwezi wa Novemba 1898, Nivedita alikuwa amefungua shule ya wasichana, kwani Vivekananda aliamini kwamba taifa lisilowasomesha wanawake ni ndege anayejaribu kuruka kwa bawa moja.

Suala la Lugha

Mpaka hapa tumemwona Vivekananda akiwahutubia walimwengu kwa Kiingereza, lugha aliyoimudu barabara. Lakini alipotaka kuzungumza na watu wake, alikuwa na uamuzi mgumu wa kufanya. Kibengali cha maandishi cha karne ya kumi na tisa kilikuwa kimelemewa na msamiati na miundo ya Kisanskriti. Kilikuwa lugha ya heshima, lakini hakuna aliyeizungumza jikoni, sokoni wala mtoni. Vivekananda mwenyewe aliweza kuiandika; insha yake kuhusu India ya wakati wake, Bartaman Bharat, imo katika mtindo huo mzito.

Januari 1899 jarida la Kibengali la Udbodhan lilianzishwa kwa juhudi zake. Humo alichapisha maelezo ya safari yake ya pili ya kwenda Ulaya, yaliyoitwa Paribrajak, yaani mtawa msafiri, pamoja na insha ya kulinganisha Mashariki na Magharibi. Kazi hizi aliziandika kwa Kibengali cha mazungumzo, chenye mzaha, methali na sentensi fupi. Mwaka 1900, akiwa Marekani, aliliandikia jarida hilo kuitetea njia hiyo. Alidai kwamba elimu ikifungwa katika lugha ya wateule, bahari hutokea baina ya wasomi na umma. Alikumbusha kwamba walimu wakubwa, tangu Buddha hadi Ramakrishna, waliufundisha umma kwa lugha ya umma. Tena alihoji mantiki ya mtu kufikiri kwa lugha moja, akakasirika na kulia kwa lugha hiyohiyo, kisha akitaka kuandika falsafa atunge lugha nyingine isiyo ya kawaida.

Uamuzi huu haukuwa wa kimtindo tu. Mtu aliyesikia ukweli kwa Kibengali cha shambani kutoka kwa kuhani wa Dakshineswar hangeweza kuamini kwamba ukweli hukaa katika maneno makubwa pekee. Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 1914, Pramatha Chaudhuri alianzisha jarida la Sabuj Patra lililokipigania Kibengali cha mazungumzo hadi kikakubalika katika fasihi. Njia hiyo Vivekananda alikuwa ameshaipita. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili, tukipenda wakati mwingine kulitafuta neno lisilojulikana na watu ili tuonekane tumebobea, tuna la kujifunza hapa. Mwandishi wa makala haya hajitoi katika lawama hiyo.

Mwisho wa Safari

Vivekananda alirudi kutoka safari ya pili mwezi wa Desemba 1900 akiwa amedhoofika. Kisukari na pumu vilikuwa vikimla. Alijishughulisha na makao ya Belur, akafuga wanyama, akawafundisha vijana. Mwaka 1901 alitimiza ombi la mama yake la kumpeleka katika ziara ya mahali patakatifu mashariki mwa Bengal. Miaka yote alikuwa akihangaikia matunzo yake na ile kesi ya nyumba iliyowasumbua tangu baba afariki. Alikuwa mtawa aliyeapa kutokuwa na jamaa, ilhali hakuweza kumwacha aliyemzaa. Baadhi ya watu huuona huu kuwa ukinzani. Huenda ndio uliomwokoa asiwe mtawa wa vitabuni.

Mwaka huohuo, vibarua wa kabila la Wasantal walikuwa wakichimba na kusawazisha ardhi huko Belur. Vivekananda alipenda kukaa nao na kusikiliza habari zao. Siku moja aliagiza waandaliwe karamu ya vyakula ambavyo hawakuwahi kuvionja. Walipokula, aliwaambia watawa vijana kwamba hapo ndipo alipomtumikia Mungu, na akawataka waangalie jinsi watu wa kawaida walivyo na mioyo safi.

Tarehe 4 Julai 1902 ilianza kama siku nyingine. Alitafakari hekaluni kwa saa kadhaa, akala pamoja na wenzake, na mchana akawafundisha wanafunzi sarufi ya Kisanskriti kwa takriban saa tatu. Jioni alitembea, akarudi chumbani, akaketi kutafakari, kisha akajilaza. Usiku huo alifariki akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Mwili wake ulichomwa kandokando ya mto huko Belur, mkabala na ng'ambo ambako mwili wa Ramakrishna ulikuwa umechomwa miaka kumi na sita kabla yake.

India imemkumbuka kwa njia nyingi. Mwamba wa Kanyakumari ulijengewa ukumbusho uliofunguliwa mwaka 1970, na tangu mwaka 1985 siku yake ya kuzaliwa huadhimishwa kuwa siku ya kitaifa ya vijana. Ramakrishna Mission ingali ikiendesha shule na hospitali. Watu wa itikadi mbalimbali pia wamemdai kuwa wao, na si ajabu baadhi yao wangekosana naye angekuwa hai.

Tukilirudia swali letu la mwanzo, jibu limo katika watu aliokutana nao: mfagiaji mwenye kiko, mwimbaji wa Khetri, wakulima wasio na chakula, na kabla ya hao wote, mama na watoto wenye njaa nyumbani Kolkata. Yeye aliondoka ili awe mbali na watu apate kumwona Mungu. Kila alikokwenda alikuta watu. Mwishowe akakubali kwamba hakuwa amepotea njia.